Mwaka Dani Alipokataa Kupanda

Mjomba wangu bado yu hai, na mimi ninamwombea maisha marefu. Watu wa kanisani kwake wanadhani nimemsamehe. Wacha wadhani. Kila mwaka mvua ya kwanza ikishapiga Lambwe, mimi humpigia simu kutoka huku Migori ninakoishi. Humsalimia kwa heshima zote, huuliza hali ya mke wake, magoti yake, ng'ombe wake, halafu nauliza, "Na mmeshapanda, mjomba?" Hunijibu kwa mkato na kusema ana mgeni mlangoni. Swali hilo nimemuuliza zaidi ya miaka kumi na tano, na bado halijanichosha.

Sasa nieleze, maana sitaki mtu aseme nina roho mbaya kabla hajajua niliitoa wapi.

Nilizaliwa nyumbani kwa kina mama, kabla mama hajaolewa. Nilipokuwa nimeanza kutembea vizuri, akaolewa ng'ambo ya mpaka, huko Tarime, na bwana aliyemchukua alisema wazi kwamba ng'ombe aliotoa ni wa mwanamke mmoja, si wa mwanamke na mtoto wa mtu. Nikabaki kwa nyanya. Kwetu nyanya tunamwita dani, na sikuwahi kumwita vingine.

Dani alikuwa mke wa kwanza wa babu. Babu alikuwa ameshafariki. Mke wa pili naye alifariki akiwa bado kijana, akaacha mtoto wa kiume wa miaka mitatu, na Dani ndiye aliyemlea. Alimlisha, akamtibu surua, akamsomesha kwa kuuza kuku. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto wa kiume. Wanawe wote walikuwa mabinti, na wote waliolewa. Basi huyo mtoto wa mke mwenzake akakua, akaoa, akawa ndiye mwanamume wa boma. Huyo ndiye mjomba ninayempigia simu.

Dani alikuwa mfupi, mweusi tii, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Kila jioni aliniosha miguu katika karai kwa maji ya vuguvugu, kisha akanipaka samli kwenye nyufa za visigino. Kucha zangu alizikata kwa wembe, akishika kidole kimoja kimoja, na hakunikata hata mara moja. Hakujua kusoma. Lakini nikitoka shule alinikalisha karibu na meko nimsomee kitabu kwa sauti huku yeye akipepeta mtama, na nikiruka mstari alijua. "Rudi nyuma," alikuwa akisema. "Hapo umekimbia." Nilidhani ni uchawi, kumbe sauti yangu ilikuwa inabadilika nikidanganya. Siku niliyozidiwa na malaria alinibeba mgongoni hadi zahanati ya Magunga, mimi mtoto wa miaka minane, miguu yangu ikimgonga magoti. Watu walimcheka njiani. Aliwaambia waendelee na safari zao.

Kitu kimoja tu kiliniudhi kwake. Ukoko wa ugali aliugawa sawasawa, mimi na watoto wa mjomba, kipande kwa kipande. Mimi nilijiona wa ndani na wale niliwaona wageni, ingawa boma lilikuwa lao kuliko langu.

Kuhusu kupanda, mambo yako hivi. Kwetu mke wa kwanza wa boma ndiye anayetoa mbegu. Mvua inaweza kunyesha mpaka vyura wachoke, ng'ombe wakalima, mitaro ikawa tayari, lakini hakuna anayedondosha punje mpaka mama huyo apande kwanza, hata kama ni mistari miwili nyuma ya nyumba yake. Baada yake ndipo wengine wanafuata, kila mtu kwa nafasi yake. Anayemtangulia analeta chira, ugonjwa wa kukonda na kukonda mpaka mtu anaisha, na mara nyingi haumpati aliyekosea, unampata mtoto wake mdogo. Dani alikuwa akiteremsha mahindi ya mbegu yaliyokaa juu ya moshi wa meko, anapukuchua, anachimba mashimo na mimi namfuata nikidondosha punje tatu tatu. Kufikia saa nne boma lote lilikuwa shambani. Ilikuwa jambo la kawaida tu, kama kupiga hodi kabla ya kuingia.

Mjomba alikuwa mzee wa kanisa, kanisa linaloshika Sabato ya Jumamosi, na alikuwa na maringo nalo. Alisimama mbele za watu akisema mila ni giza na yeye alishatoka gizani. Hata hivyo kila mwaka alimngoja Dani. Akiulizwa, alisema ni kumheshimu mama.

Mwaka niliokuwa darasa la nne, mwezi wa pili, Dani alikwenda matangani kwao, upande wa Migori, kwa sababu dada yake alikuwa amefariki. Matanga yetu hayana haraka. Siku ya tatu tangu aondoke, mjomba akaniambia nivae gauni langu la wageni, ananipeleka Sori kwa dada ya mke wake nikaone ziwa. Nilifurahi. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote, kwamba nilifurahi, na njia nzima nilikuwa naimba.

Yule mama wa Sori alifanya biashara ya omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa na watoto watatu wadogo, na msichana wake wa kazi alikuwa ametoroka. Mjomba alikunywa chai, akafuta midomo, akaniambia niwe na adabu, akaondoka. Nikawa mimi msichana wa kazi. Nilianika omena kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, nikazigeuza, nikafukuza ndege, nikafua nepi ziwani, nikasonga ugali huku mtoto analia mgongoni. Sikupigwa sana. Nilipigwa kiasi. Siku nilipouliza narudi shule lini, yule mama alicheka, akaniambia shule ni ya watoto wenye baba.

Kila baada ya wiki mbili gunia dogo la omena lilipakiwa kwenye gari la Magunga, linakwenda kwa mjomba. Gunia hilo nililishona mimi, kwa sindano ndefu na uzi wa katani. Ilinichukua magunia mawili kuelewa. Mjomba alinibadilisha kwa omena, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namfungia.

Yaliyotokea nyumbani wakati huo nilisimuliwa baadaye na binti wa kwanza wa mjomba, ambaye tulilingana umri. Alinisimulia yote bila kubakisha, nadhani kwa sababu alikuwa na hatia kidogo. Yunifomu yangu alipewa yeye.

Dani aliporudi kutoka matangani aliuliza, "Mtoto yuko wapi?" Mjomba akamjibu kwamba nimechukuliwa na mama yangu kwenda Tarime. Dani akaitikia kwa kichwa, akaingia kupumzika. Kesho yake asubuhi akaiona yunifomu yangu inapita kwenda shule. Aliijua kwa sababu pindo lake alilishona yeye kwa uzi mwekundu, siku ambayo wa bluu ulikosekana. Hakumfokea yule mtoto. Alimfuata mjomba zizini.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mama, yuko salama. Anakula, anavaa."

"Sijauliza kama anakula."

"Yule ni mtoto wa binti. Hana boma hapa. Umemlea vya kutosha, sasa pumzika."

Hakusema nilipo, na mke wake alikatazwa kusema. Dani akaenda kwa naibu wa chifu, akaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, wayamalize nyumbani. Harufu ya omena ilipoanza kutoka jikoni kwa mjomba kila jioni, alijua niko upande wa ziwa. Lakini ziwa ni refu, na vijiji vya omena ni vingi.

Halafu mvua ikaja.

Ilikuja mapema mwaka ule, na ilikuja kwa nguvu. Mjomba alikuwa ameshalima kwa ng'ombe, shamba limekaa tayari, jeusi, linapendeza. Jirani wa juu akapanda. Jirani wa chini akapanda. Kwetu Dani alikaa barazani akisuka kikapu. Siku ya kwanza walidhani mgongo unamuuma. Siku ya nne mke wa mjomba akampelekea uji, akapiga magoti kama ilivyo adabu.

"Mama, mvua imekubali."

"Naiona."

"Utapanda lini tukufuate?"

"Mwaka huu sitapanda," Dani akasema. "Anayenidondoshea mbegu hayupo. Mwulize mume wako alikomweka."

Akanywa ule uji, akashukuru, akarudisha bakuli likiwa safi.

Mjomba aliposikia, alifura. Akasema hawezi kufungwa na mila za giza, kesho anapanda, na Mungu wake atamlinda. Mke wake akamwambia, "Basi panda wewe. Mimi nina mtoto wa kunyonya. Mkono wangu siuweki." Kesho yake akateremka shambani peke yake na ndoo ya mbegu. Binti yake alikuwa amekwea mwembe mdogo ulio pembeni, akamwona tangu mwanzo. Mjomba alisimama katikati ya shamba. Akainama, akainuka. Akaangalia kwa Dani, akaangalia nyumbani kwake ambako mtoto alikuwa analia. Akainama tena. Jua likapanda, jasho likamtoka, na mwishowe akarudi na ndoo ikiwa imejaa vilevile. Alimwambia mke wake kwamba udongo bado una maji mengi.

Sehemu hii ya hadithi nilikuwa naomba irudiwe. Binti yule aliirudia mpaka akachoka, na mimi sikuchoka.

Wiki ya tatu mjomba akaja na ujanja. Alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba ya Dani, akaona miche mitano ya mahindi imechipuka karibu na shimo la taka. Mbio akawaita wazee wawili wa ukoo waje washuhudie kwamba mama ameshapanda, ila anaficha kwa ukaidi. Wazee wakaja na fimbo zao. Mmoja akainama, akang'oa mche, akautazama. Mahindi yalikuwa yameota juujuu, bila shimo, mengine mawili yakiwa yamebanana pamoja. Hapo ndipo Dani alipokuwa akiwamwagia kuku chakula.

Dani akatoka, akawasalimia wazee, akauliza kuna nini. Walipomweleza akasema, "Haya, kuku ndiye aliyetoa mbegu mwaka huu. Basi mfuateni kuku. Tangu leo yeye ndiye mke mkubwa wa boma hili, mwende mkamwamkie."

Mzee mmoja alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika Magunga, na kwa miaka mingi watu walimwita mjomba Mume wa Kuku. Yeye anafikiri sijui. Najua, na jina hilo mimi mwenyewe nimelitumia.

Mahindi ya jirani yakafika magotini, watu wakaanza kupalilia. Kwetu shamba lilianza kuota magugu. Mahindi ya ghalani kwa mjomba yalikuwa yanakwisha. Mke wake akaacha kula usiku ili watoto washibe, maziwa yakampungua, na siku moja akaweka sufuria tupu mbele ya mumewe, akamwambia, "Kula omena."

Siku ya Ijumaa, wiki ya tano ya mvua, nilikuwa mchangani Sori nikigeuza omena. Nilipoinua kichwa nikamwona mjomba anashuka kwenye baiskeli, suruali imejaa matope hadi mapajani. Alikuwa amekonda. Yule mama wa Sori alimpigia kelele kwamba hawezi kumwachia kazi hivihivi kabla wiki haijaisha, na mjomba, mzee wa kanisa, akawa anamwomba radhi shemeji yake kwa sauti ya chini huku wavuvi wanasikiliza. Mimi niliendelea kugeuza omena. Nilizigeuza polepole, mstari mzima, mpaka mwisho. Alinisubiri.

Njiani alinibeba nyuma ya baiskeli. Kwenye kila kilima nilikataa kushuka. Nilisema mguu unaniuma, na hakuwa na la kufanya kwa sababu alitaka nifike nikiwa na uso mzuri. Alisukuma baiskeli na mimi juu yake, anahema. Akaninunulia mandazi matatu. Akasema, "Mwambie dani kwamba ulikuwa unakula vizuri." Nikala yale mandazi yote, nikajifuta, na tulipofika nikamwambia Dani kila kitu, kuanzia chai aliyokunywa mjomba hadi sindano ya kushonea magunia.

Dani hakulia. Alinishika mikono, akaigeuza, akaangalia mikwaruzo ya nyavu. Akaangalia kucha zangu zilivyokuwa ndefu na chafu. Akamwambia mjomba, bila kumtazama, "Nenda ukalale." Kisha akateleka maji, akanikalisha kwenye kigoda, akatafuta wembe.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Tulitoka mapema, yeye akachimba, mimi nikadondosha tatu tatu. Tulipomaliza mstari wa pili, nikamwona mke wa mjomba anateremka mbio na watoto wote na majembe. Mjomba alikuwa mlangoni na suti yake na kitabu chini ya kwapa, akamkumbusha kwamba leo ni Sabato. Mke wake hakugeuka. Njia ya kwenda kanisani inapita kando ya shamba letu, na waumini wote walipita, wakaona familia ya mzee wa kanisa inapanda siku ya Bwana. Walimvua uzee kwa muda. Niliimba siku hiyo, na safari hii nilijua ninachokiimbia.

Mvua ikakatika mapema. Mahindi ya mjomba yalitoa vigunzi vya kidole gumba, mengi hayakutoa kitu. Dani naye alivuna kidogo, ila alikuwa na akiba ya mwaka uliotangulia. Miezi ya njaa ikaingia. Asubuhi moja mke wa mjomba akaja na beseni, akaketi nje na mtoto wake mgongoni. Dani alikuwa anapepeta. Akaniambia niingie ghalani nimpimie gorogoro mbili za mahindi, yaani makopo mawili.

Nikaingia. Nilichota kopo la kwanza nikaliacha pungufu, vidole viwili kutoka ukingoni. La pili vilevile. Roho yangu ilikuwa imetulia kabisa. Nilipogeuka, Dani alikuwa kwenye mlango wa ghala.

"Jaza," akasema.

"Walinipeleka Sori."

"Jaza."

Nikakasirika. Nikamwambia kwamba yeye mwenyewe aliwatia njaa kwa ajili yangu, wiki tano, na kila mtu anamsifu, sasa kwa nini mimi nisiwapunje vidole viwili tu. Nilidhani maneno hayo yatampendeza.

Dani akaweka ungo chini.

"Ningepanda Jumapili ile, hata usingerudi," akasema. "Mbegu nilikuwa nimeshazipukuchua, ziko kwenye kikapu. Mtoto wa huyu mama alikuwa amekauka midomo. Nilimlea baba yake, ningemwachaje yeye?"

"Na mimi?"

Alitoa punje iliyonasa kwenye kanga yake, akairudisha kwenye rundo.

"Wewe ningeendelea kukutafuta," akasema.

Mjomba alinileta Ijumaa. Nililijaza kopo la kwanza mpaka likafanya kilima, nikalijaza la pili, nikayamimina kwenye beseni la mke wa mjomba bila kumwaga hata punje. Mjomba hajui jambo hili. Dani alifariki bila kumwambia, na mimi nimenyamaza. Anaamini hadi leo kwamba Dani asingeinama kamwe, na nimemwacha aamini, kwa sababu siku atakapojua kwamba alibakisha siku mbili tu ashinde, atajua pia kwamba kati ya watoto wote wa boma lile, mimi ndiye niliyekuwa wa kuachwa.